Bahari na Alama katika Subnautica
Katika Subnautica, mchezo wa video uliotolewa na Unknown Worlds mwaka 2018, mhusika Ryley Robinson hapewi ramani ya bahari aliyoangukia. Ili ajenge chumba cha skana, hana budi kwanza kuzamia gizani, akatafute vipande vyake katika mabaki ya meli Aurora. Hapa wasanii wamefaulu sana: ujuzi una bei, na bei yenyewe ni hofu. Chumba kikisimama, hupekua mita 300, hata 500 kikiongezewa vifaa; naye aliyevaa kifaa chake huona alama za madini kupitia miamba. Alama hizo, hata hivyo, hazionyeshi njia, na ndizo zinazodhoofisha kazi hii, maana mchezaji huzifuata akaacha kuitazama bahari.