Mtoto wa Jua na Sifuri Yake

Kusanifu mwisho wa dunia si kazi ngeni, lakini huko Japani kazi hiyo imepata chemchemi ya peke yake, nayo ni sinema na katuni. Mwaka 1954, miaka tisa baada ya Hiroshima na Nagasaki kuteketezwa, zimwi Godzilla lilitokea katika sinema, limeamshwa na majaribio ya mabomu. Watoto waliokua na picha za namna hiyo baadhi yao wamekuwa wasanii. Mmoja ni Kenji Yanobe, aliyezaliwa Osaka mwaka 1965.

Yanobe aliunda vazi la manjano lenye vipima mionzi, mithili ya vazi la shujaa wa katuni, akalivaa Chernobyl mwaka 1997. Magofu aliyakuta; lakini alikuta na watu pia, waliorudi makwao kuishi bila ya vazi lolote.

Baada ya msiba wa mtambo wa Fukushima wa Machi 2011, aliunda Mtoto wa Jua, sanamu yenye urefu wa mita 6.2. Mtoto amevaa vazi lile, ameivua kofia yake, mkononi ana jua dogo, na kipimo cha kifuani chasoma 000. Agosti 2018 sanamu ilisimamishwa katika mji wa Fukushima. Mwezi uliofuata ikaondolewa. Walalamikaji walisema kwamba vazi lawatangazia walimwengu kuwa mji wao una sumu, na kwamba sifuri ni uongo, maana mionzi ya asili haikosekani popote. Msanii aliomba radhi.

Je, sanaa ilishindwa na woga? Sidhani. Vazi laweza kutetewa, kwani kofia iliyovuliwa yaeleza kwamba hatari imepita. Sifuri haina mtetezi. Katika katuni, maangamizi yakiisha jua huchomoza na hesabu ikafutwa. Ndiyo ada ya hadithi. Lakini mzazi aliyepima mionzi ya uwanja achezapo mwanawe haioni tarakimu kuwa pambo. Huisoma kama habari. Sanamu ya namna hiyohiyo ilisimamishwa Ibaraki, Osaka, mwaka 2012, wala haikuzua kishindo kama kile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Msanii asikatazwe kuazima picha za maangamizi. Ila akitaka kuzisimamisha mbele ya walioyaonja, sharti kwanza awaulize wao wanazisomaje.