Mafundi wa Ratiba

Kazi ya kufungua shule wakati wa janga huanzia sakafuni. Madirisha ya darasa lililofungwa karibu miezi saba yanafunguliwa, mavi ya popo yanafagiwa, madawati yanatolewa uani. Kisha naibu wa mwalimu mkuu anapiga goti juu ya saruji akiwa na utepe wa kupimia, na bawabu anamshikia ncha ya pili. Naibu huyu simtaji jina kwa kuwa hakuwa mmoja. Mwaka 2020 alikuwa katika kila shule ya Kenya, mara mwanamke, mara mwanamume, na magoti yake yalikuwa meupe kwa chaki.

Darasa analolipima lina urefu wa mita 7.5 na upana wa mita 6. Ndicho kipimo kinachotajwa na mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008, na mwongozo huo unakadiria wanafunzi wasiozidi 40 wakikaa wawili wawili. Sote tunajua madarasa yanayozidi idadi hiyo. Naibu naye anajua, lakini kwa sasa hahesabu watoto. Anahesabu nafasi.

Anaanzia ubaoni. Mita mbili za mbele anamwachia mwalimu. Nusu mita anaiacha nyuma, na nusu nyingine kila upande, mtoto asiegemee ukuta. Anabaki na mraba wa mita 5 kwa 5. Kwenye pembe yake anachora msalaba kwa chaki, kisha msalaba mwingine kila baada ya mita 1.5, yaani umbali uliokuwa ukihimizwa na wataalamu wa afya. Inapatikana misalaba minne kwa urefu na minne kwa upana. Watoto 16. Anasimama, anatazama, anakung'uta mikono. Anachukua kitambaa kilicholoa, anafuta yote na kuanza upya kwa umbali wa mita moja. Mara hii inaingia sita kwa sita: watoto 36.

Katika nusu mita hiyo ndimo mjadala wote wa kufungua shule ulimokuwa. Wanasiasa waliubishania katika mikutano ya wanahabari, wazazi katika simu. Naibu aliupata sakafuni kwa muda wa nusu saa, akauandika katika daftari lake mistari miwili: 16 na 36.

Tukumbushane yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zifungwe, na wiki hiyohiyo watoto wa bweni wakarudi kwao na masanduku yao. Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akasema mwaka wa masomo umepotea, mitihani ya KCPE ya kumaliza shule ya msingi na KCSE ya kumaliza sekondari haitakuwapo, na shule zitafunguliwa Januari 2021. Kisha, tarehe 6 Oktoba, akatangaza kwamba wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 warudi Jumatatu inayofuata, tarehe 12. Siku sita! Mwalimu ambaye hakuwa amepima sakafu yake mapema alilala kidogo sana wiki hiyo.

Hata hivyo, uteuzi wa madarasa yale matatu ulikuwa na ufundi ndani yake, na haukusifiwa ilivyostahili. Darasa la 8 na Kidato cha 4 walikuwa watahiniwa. Sababu yao haihitaji kuelezwa. Gredi ya 4 iliwashangaza wazazi wengi. Watoto hao ndio waliokuwa wa kwanza katika mtaala mpya wa umilisi, na kila hatua ya mtaala huo ilikuwa ikiwasubiri wao. Wangechelewa wao, foleni yote iliyo nyuma yao ingechelewa. Zaidi ya hayo, shule ya msingi yenye madarasa manane inayoita mawili tu huwa na vyumba sita vitupu, na walimu wa kuingia humo. Wizara haikujenga ukuta hata mmoja, ila shule iliongezeka ukubwa mara nne.

Sasa naibu anarudi ofisini na kutandaza karatasi ya manila mezani. Ana rula ndefu, penseli na kifutio. Kalamu ya wino hagusi mpaka siku ya mwisho. Anachora siku tano kwa kushuka na vipindi vinane kwa kwenda, visanduku 40 kwa wiki. Tuseme Darasa lake la 8 lina wanafunzi 48. Kwa 16 kila chumba, hao ni vyumba vitatu. Hisabati ina vipindi saba kwa wiki. Sasa kila kipindi kitafundishwa mara tatu, vipindi 21, na mwalimu yuleyule, kwa sauti ileile, akiwa na barakoa mdomoni. Kiingereza nacho ni 21. Anaandika herufi za kwanza za kila mwalimu kwenye vipande vidogo vya karatasi na kuanza kuvipanga.

Hapa ndipo subira inapoonekana. Asiye mzoefu huanza na walimu wenye nafasi nyingi kwa sababu ni rahisi kuwapanga, halafu anakwama mwishoni. Naibu huanza na mwenye vikwazo: mwalimu mwenye kisukari anayepaswa kupewa chumba chenye hewa zaidi na vipindi vichache, mwalimu mjamzito, mwalimu anayesafiri kwa matatu mbili na hawezi kufika kabla ya saa mbili asubuhi. Hao wakishakaa mahali pao, wengine hupangwa kuwazunguka. Hisabati anaiweka asubuhi, akili zikiwa bado mbichi. Kisha anashusha kidole chake polepole katika kila safu, kipindi kwa kipindi, akitafuta herufi zilizojirudia. Herufi zikionekana mara mbili katika saa moja, mwalimu mmoja ametakiwa awe vyumba viwili. Anang'oa kipande, anakihamisha, na kuhama huko kunavuruga vingine vitatu. Hakasiriki. Anapuliza vumbi la kifutio na kuanza tena na Jumatatu.

Ratiba nzuri haionekani. Mgeni akiingia shuleni ataona watoto wanavuka uwanja kwa utulivu, na hatajua kwamba kuna mtu aliyekwisha kuwavusha kwenye karatasi usiku wa jana.

Maji nayo yana hesabu yake. Kunawa vizuri kwa sabuni huchukua sekunde 40 kwa uchache. Watoto 96, wa Darasa la 8 na Gredi ya 4, wakipanga foleni kwenye mfereji mmoja watamaliza baada ya dakika 64, karibu vipindi viwili vya asubuhi. Mifereji minne inashusha muda huo hadi dakika 16. Basi naibu anatafuta ndoo nne zenye koki, na pasipo na ndoo anatengeneza kibuyu chirizi: mtungi wa plastiki uliotobolewa, kamba, na kijiti cha kukanyagia ili mkono usiguse kitu. Anavipanga penye mteremko, maji machafu yaelekee kwenye migomba na si mlangoni. Anajaza ndoo moja, anawaita watoto wachache wa jirani wanawe, na kuhesabu ni mikono mingapi itapita kabla haijakauka. Baada ya jaribio hilo ndipo anapoandika zamu ya kuchota. Gredi ya 4 anaipangia kufika nusu saa baada ya wakubwa wao, foleni mbili zisikutane langoni kwa mwalimu wa zamu anayepima joto.

Kuhusu madawati, bajeti ya 2020/21 ilitenga shilingi bilioni 1.9 za kununua 250,000 kutoka kwa mafundi wa hapa nchini. Ukigawa, ni shilingi 7,600 kwa dawati moja. Mafundi wa jua kali walikata vyuma vya pembe nne, wakachomelea, wakapiga msasa mbao, na vibanda vyao vilivyokuwa vimepooza vikapata kazi. Waziri mwenyewe, daktari wa upasuaji kwa taaluma, alizunguka kaunti akiyakagua. Dawati zuri hujulikana mtoto akikalia: nyayo zinafika chini, viwiko vinafika juu ya ubao bila mabega kuinuka.

Siku ya 12 Oktoba rejista ilifunguliwa. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, maana haina kifaa ila penseli na macho. Mwalimu anaita jina, anasikia sauti nyuma ya barakoa, anatia alama. Asiyeitika hawekewi alama ya kutokuwapo haraka. Mwalimu huacha kisanduku wazi, kisha jioni hupiga simu. Mmoja amehamia kwa nyanya yake. Mwingine anauza ndizi stendi. Mwingine ana mimba, na mama yake hataki kusema. Januari, madarasa yote yaliporudi, machifu na wazee wa Nyumba Kumi waliambiwa wapite mlango kwa mlango kuwatafuta wasioonekana. Visanduku vingine vilibaki wazi hadi mwisho.

Mpango nao ulijaribiwa mapema. Oktoba haijaisha, shule mbili za sekondari za Mombasa zilikuwa zimefungwa tena baada ya walimu kukutwa na virusi. Kando ya Ziwa Baringo kulikuwa na shule ambazo naibu asingeweza kupima chochote. Ziwa lilikuwa limepanda na kuingia madarasani. Na tarehe 4 Januari 2021 ilipofika, hesabu ya misalaba 16 ilikataa. Madarasa manane yanayohitaji vyumba vitatu kila moja yanataka vyumba 24, na shule ina vinane. Profesa Magoha alikiri waziwazi kwamba umbali hautawezekana kila mahali, ila hiyo isiwe sababu ya kumzuia mtoto nyumbani. Barakoa, maji na hewa vikabaki. Masomo yakahamia ukumbini na chini ya miti. Wengine walisema huko ni kushindwa. Mimi naona ni ujuzi: kujua ni kipi cha kuachia, na kukiachia baada ya kukipima, si kabla.

Sehemu ngumu kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa kalenda. Mwaka mmoja ulikuwa umepotea katikati na ulipaswa kurudishwa bila darasa lolote kurukwa. Walioipanga walifanya kama seremala mwenye randa, ambaye hachimbi shimo mahali pamoja bali hutoa unyuzi mwembamba ubao mzima. Wiki 39 za mwaka wa kawaida zilipunguzwa zikawa karibu 30. Tazama viungo vyake. Wanafunzi wengine walifunga tarehe 19 Machi 2021, Ijumaa. Jumatatu ya tarehe 22 KCPE ikaanza, na KCSE ikafuata wiki hiyohiyo. Watahiniwa wakapata shule nzima kwa ajili yao. Wengi wa waliokwenda nyumbani walirudi tarehe 10 Mei, watahiniwa wakiwa wamekwisha kuondoka. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza tarehe 26 Julai, kwa mihula ya wiki 10, 11 na 9, na likizo ya wiki moja kati ya muhula wa kwanza na wa pili. Ule wa 2022 ulianza tarehe 25 Aprili, kwa wiki 10, 10 na 9. Ndiyo maana KCPE ilifanywa mara mbili ndani ya mwaka 2022, Machi kisha mwishoni mwa Novemba. Katikati kukawa na uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti, nao ukataka siku zake.

Walimu walihema. Watoto wa bweni walihema zaidi, na Novemba 2021, baada ya mabweni kadhaa kuteketea, shule za sekondari zikapewa mapumziko mafupi. Sitaki kusema gharama ilikuwa ndogo. Wazazi walilipa karo mara nyingi kuliko walivyozoea katika muda uleule, na yapo mambo yaliyofundishwa mbiombio ambayo bado yanawasumbua vijana wale. Lakini kila darasa lilipita mahali pake kwa zamu yake, na viungo havikuachana.

Tarehe 23 Januari 2023 shule za Kenya zilifungua muhula wa kwanza, na kalenda ikawa imerudi Januari. Profesa Magoha, aliyekuwa ameshaondoka wizarani, alifariki kesho yake.

Mwalimu mkuu unayekaribia kustaafu, kabla ya kukabidhi funguo, hakikisha faili ya mwaka 2020 ipo kabatini: ratiba ile ya penseli, michoro ya sakafu, zamu za maji, rejista zenye visanduku wazi. Usiichome pamoja na karatasi za zamani. Atakayekuja baada yako ataihitaji.