Hofu Isiyo na Jini: Uhakiki wa Filamu ya Kati Kati

Filamu nyingi za kutisha hutegemea jini, damu na jumba bovu lenye giza. Kati Kati (2016), ya Mkenya Mbithi Masya, inafuata njia nyingine. Katika makala haya tunahakiki mandhari, dhamira na lugha yake.

Kwa muhtasari, Kaleche (Nyokabi Gethaiga) anazinduka porini bila kumbukumbu yoyote. Anafika kwenye hoteli iitwayo Kati Kati, mahali pasipofikiwa na mtu aliye hai. Thoma (Elsaphan Njora) anamfahamisha kwamba wote waliomo, yeye Kaleche akiwemo, wameshakufa. Hakuna atokaye mpaka ayakabili aliyoyaacha duniani.

Ufundi wa mandhari umo hapa. Hoteli ina jua na wakazi wanaostarehe. Kinachotisha ni kwamba wanastarehe ili wasikumbuke. Mzimu wa jengo hili ni kumbukumbu yenyewe. Aidha, filamu inapogusa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, hatia ya mtu binafsi inakuwa suala la taifa zima.

Kwa upande wa lugha, tahajia sanifu ni "katikati", neno moja. Kulitenganisha kunafaa hapa: kila "kati" inasimama peke yake, kama wakazi hao walioachwa baina ya uhai na mauti. Kasoro ni kwamba baada ya jina zuri hivyo, mazungumzo mengi ni ya Kiingereza. Kiswahili kimewekwa mlangoni kama bango, kisha kikapewa nafasi ndogo ndani.

Kwa sisi wa Kitswamba, Kasese na Bwera, mwaka 2016 una uzito wake. Novemba mwaka huo watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano na shambulio la ikulu ya Rwenzururu mjini Kasese. Omusinga Charles Wesley Mumbere hakurejea Kasese hadi Oktoba 2023. Wanafunzi wetu wengi walikuwa watoto wakati huo, na wapo waliokua katika nyumba ambamo jambo hilo halitajwi.

Kwa hiyo tunapendekeza filamu hii itazamwe darasani, kisha wanafunzi waandike insha: je, kunyamaza humlinda mtu, au humfungia ndani? Mwalimu asimlazimishe yeyote kusimulia ya kwao. Ila atakayetaka kusema, apewe Kiswahili cha kusemea.