Aliyehama na Aliyebaki: Maneno ya Safari ya Kazi

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa kumsema mtu aondokaye. Katika shina moja la hama hupatikana hamia, hamisha, hamishwa na hamahama, na kila kiambishi chaleta habari yake: pa kufikia, mwenye kushurutisha, mwenye kushurutishwa. Abakiye nyumbani hana bahati hiyo. Huambiwa ameachwa, na neno hilo, kwa mke, lina maana ya pili ya talaka, jambo ambalo si dogo.

Upungufu huu wadhihirika mtu akitazama mahali kama Busi, katika Wilaya ya Kondoa, nchi ya Warangi. Zama za ukoloni mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalivuta wanaume kutoka mbali, na nyanda kavu za katikati hazikusalimika. Mashamba hayo yaliacha maneno mawili mazito. Manamba ni mtu aliyeandikwa kwa namba, jina lake likaja nyuma. Kipande ni kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara wa mwezi haukutimia mpaka ijae. Yote mawili humhesabu aliyekwenda. Siku za mke aliyelima uwele peke yake, akaamua peke yake debe lipi liuzwe na lipi liwekwe mbegu, hazikuwa na kadi wala jina.

Riwaya nazo zimefuata mkondo ule ule. Katika Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1968, mtu aacha kazi ya mjini na kwenda kulima Busutamu. Safari hiyo ya kinyume yapendeza, lakini jembe lake ni la hiari. Hakuachiwa na mtu. Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi (1975) ni kali zaidi, ila jicho lake humfuata Tumaini kila aendako.

Mwaka 1979 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, uliondoa mifugo yote katika eneo la Kondoa lililomomonyoka. Kwa sarufi, waliohamishwa ni ng'ombe. Kwa kweli baadhi ya wenyewe waliwafuata, na nyumba zikagawanyika, zizi kule na jiko huku. Nyumba ya namna hiyo yastahili neno lake. Mtunga kamusi atakayelitafuta afadhali aanzie jikoni, tena kwa Kirangi.