Albamu Moja, Halafu Basi?

Kuna sifa ambayo sisi tunaoandika kuhusu muziki tunaipenda kupita kiasi: bendi fulani ilitoa albamu moja kali, ikavunjika, haikupata muda wa kuchuja. Niliwahi kuwamwagia X-Ray Spex sifa hiyo, tena kwa mbwembwe. Juzi nimeangalia filamu ya mwaka 2021, Poly Styrene: I Am a Cliché, iliyoongozwa na Paul Sng pamoja na Celeste Bell, binti wa mwimbaji wa bendi hiyo. Nikairudia albamu yenyewe mara tatu. Sasa nataka kuyafuta maneno yangu.

Mwimbaji huyo aliitwa Marianne Elliott-Said, baba Msomali, mama Mwingereza, akakulia Brixton, London. Siku alipotimiza miaka 19, Julai 1976, aliwaona Sex Pistols wakipiga Hastings, mji wa pwani, mbele ya watu wachache tu. Haikupita muda akatangaza gazetini kwamba anatafuta vijana wa kuunda bendi ya panki. Akapekua kitabu cha simu za biashara, akajichagulia jina la plastiki: Poly Styrene. Meno yana vyuma vya kunyooshea, nguo zina rangi za kuumiza macho. Alionekana kama tangazo la sabuni linalotembea, na ndivyo alivyotaka.

Wimbo wao wa kwanza, "Oh Bondage Up Yours!" wa 1977, haukuingia hata kwenye chati. Unaanza na kisauti cha binti mwenye adabu, anarudia yale ambayo watoto wa kike huambiwa kuhusu kukaa kimya, halafu anapiga ukelele ambao mpaka leo hunifanya nipapase kitufe cha sauti. Nyuma yake kuna saksafoni ya Lora Logic, aliyekuwa na miaka 16 hivi. Aliondolewa kabla ya albamu, na Rudi Thomson aliyeshika nafasi yake anapita sana kwenye njia zilezile alizozikata yule binti. Hilo huwa linaniudhi, niseme ukweli.

Germfree Adolescents ilitoka Novemba 1978. Wengi huisifu kama hotuba ya kupinga biashara na matangazo. Mimi sioni hotuba. Poly anaipenda plastiki anayoicheka. Anaorodhesha bidhaa kwa furaha ya mtoto aliyeachiwa dukani, kisha katikati ya furaha hiyo unasikia hofu. Katika "Identity" hofu ni ya kujitafuta kwenye kioo, kwenye televisheni na kwenye magazeti. Kwenye wimbo uliobeba jina la albamu, ambao ni wa polepole, inahusu usafi uliogeuka kuwa kifungo. Huo ndio bora kuliko zote, na ulifika namba 19 Uingereza. Nyimbo nyingine, kusema kweli, gitaa linazifananisha mno. Bila saksafoni na maneno ungezichanganya.

Yaani hofu ile haikuwa pambo. Mwaka huohuo, baada ya onyesho huko Doncaster, Poly aliona mwanga wa waridi dirishani. Alilazwa hospitali, akaambiwa ana skizofrenia. Miaka mingi baadaye madaktari walisema ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Kufikia 1979 alikuwa ameiacha bendi. Akatoa albamu ya peke yake, tulivu kabisa, Translucence, mwaka 1980, kisha akajiunga na Hare Krishna. Celeste aliishi naye huko, baadaye akalelewa na bibi yake. Binti haongei kwa uchungu wa kutafuta huruma, ila hafichi kwamba mama huyu hakuwa rahisi.

Kwa hiyo nilipoandika kwamba "waliondoka wakiwa juu", nilimsifia mgonjwa kwa kuondoka mapema. Hakukuwa na mpango wowote wa kuondoka juu. Kulikuwa na msichana wa miaka 21 aliyechoka. Na wala hakumaliza: bendi ilirudi na albamu ya pili mwaka 1995, ambayo sisi wapenzi wa hadithi fupi huwa tunaisahau kwa makusudi. Poly alitoa Generation Indigo Machi 2011, akafariki kwa saratani Aprili 25, akiwa na miaka 53. Nimeanza kuisikiliza jana usiku. Bado anaimba kuhusu maduka.