Nafasi na Muda: Jinsi Sheria Zilivyoifungulia Pasi Njia

Mkoa wa Morogoro umetwaa ubingwa wa kandanda wa Tanzania mara tatu: kwanza kwa Mseto mwaka 1975, kisha kwa Mtibwa Sugar, timu ya mashamba ya miwa ya Manungu kule Turiani, mwaka 1999 na mwaka 2000 mfululizo. Mtu aliyekuwa kijana alipoishangilia Mseto hakuwa bado mzee alipoishangilia Mtibwa, na huenda akaapa kwamba mchezo alioutazama nyakati zote mbili ni ule ule, kwa kuwa wachezaji walikuwa kumi na mmoja, na magoli yalikuwa na upana ule ule. Lakini baina ya ubingwa ule na huu liliingia jambo lililoigeuza kandanda ya dunia nzima: siku za Mseto beki aliyebanwa alikuwa na ruhusa ya kumrudishia kipa wake mpira kwa mguu, naye kipa akaudaka na kuukumbatia kwa raha zake, lakini siku za Mtibwa kipa aliyeudaka mpira huo alikuwa akitenda kosa lililoandikwa katika sheria.

Aghalabu watu wanapoitazama kandanda ya siku hizi, jinsi mpira unavyotembea kwa pasi fupi kutoka miguuni mwa kipa hadi kwa mshambuliaji, husema kwamba wachezaji wa leo wamejaaliwa ufundi ambao wazee hawakuwa nao. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Ufundi upo, na mafunzo yameongezeka, lakini ukizichunguza sheria zilivyobadilishwa moja baada ya nyingine utaona dhahiri kwamba pasi haikustawi kwa hisani ya miguu peke yake, bali kwa sababu waandishi wa sheria, mara kwa kukusudia na mara bila kukusudia, walimpa mwenye mpira vitu viwili ambavyo bila ya hivyo hata fundi hana la kufanya, yaani nafasi ya kupokea na muda wa kutoa.

Mabadiliko ya kwanza makubwa yalikuwa ya mwaka 1925, nayo yaliihusu sheria ya kuotea. Kabla ya hapo mshambuliaji alihesabiwa ameotea iwapo, mpira ulipopigwa, hapakuwa na wapinzani wasiopungua watatu baina yake na mstari wa goli. Na mabeki werevu, hasa Bill McCracken wa Newcastle, walijua kwamba beki mmoja angeweza kupiga hatua chache mbele na kumnasa mshambuliaji mtegoni, hali mwenzake amebaki nyuma pamoja na kipa kuulinda mlango kama hila ikishindwa. Ulikuwa mtego usio na hatari kwa mwenye kuutega. Watatu walipofanywa wawili, beki aliyesogea mbele na kukosea aliacha nyuma yake uwanda mtupu, na natija yake ilionekana msimu ule ule: katika madaraja yote ya ligi ya Uingereza, kwa idadi ile ile ya mechi 1,848, magoli yalipanda kutoka 4,700 hadi 6,373. Mabeki nao hawakulala, kwani Arsenal ya Herbert Chapman ilimrudisha nyuma kiungo wa kati awe beki wa tatu, na timu nyingine zikafuata mtindo huo. Ndiyo ada ya mambo haya: sheria humpa mmoja faida, naye mwenziwe hutafuta dawa yake.

Mfano ulio wazi kuliko wote, kwa kuwa waliotunga sheria walilijua walilolitaka, unatoka katika mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi, yaani mpira wa Kimarekani, ambao hushikwa kwa mikono, na mtu mmoja aliyesimama nyuma ya ukuta wa wenzake huurusha mbele kwa mpokeaji anayekimbia. Mwaka 1977 ligi yao kuu, NFL, ilifika mahali ambapo timu ilipata wastani wa pointi 17.2 tu kwa mechi, kiasi kidogo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1942. Sababu mojawapo ni kwamba beki aliruhusiwa kumgonga mpokeaji popote njiani maadamu mpira haujarushwa, na mabeki wenye nguvu kama Mel Blount wa Pittsburgh waliwavunja wapokeaji mbio kabla hawajafika popote. Mwaka 1978 wakubwa wa ligi wakaleta amri mbili pamoja. Ya kwanza ilimkataza beki kumgusa mpokeaji akishapita yadi tano kutoka mstari wa kuanzia. Ya pili iliwaruhusu walinzi wa mrushaji kunyoosha mikono na kufungua viganja wanapowazuia wanaomjia. Amri ya kwanza ilikuwa ya nafasi, na ya pili ilikuwa ya muda, na uzuri wake ni kwamba kila moja ingekuwa nusu ya dawa bila ya mwenziwe, kwa maana mpokeaji aliye huru hafai kitu ikiwa mrushaji amekwisha kuangushwa chini.

Natija ikaonekana upesi: mwaka 1979 mrushaji Dan Fouts alirusha jumla ya yadi 4,082, akaipita rekodi ya Joe Namath ya 4,007 iliyokuwa imesimama tangu 1967. Insafu yatudai tuseme kwamba Namath alicheza msimu wa mechi 14 na Fouts wa mechi 16, kwani mwaka ule ule wa 1978 msimu nao ulirefushwa. Hata hivyo, Dan Marino alipofikisha yadi 5,084 mwaka 1984, hapana aliyeweza kusema kwamba mechi mbili za nyongeza ndizo zilizozaa tofauti ile. Tena kuna jambo la mwaka 2004 ninalolipenda kuliko takwimu zote: mwaka huo hawakuandika sheria mpya juu ya kumgusa mpokeaji, ila waamuzi waliagizwa waishike barabara ile ya zamani, ambayo kwa miaka mingi walikuwa wakiifumbia macho, na msimu huo huo Peyton Manning akarusha pasi 49 za kufunga, moja zaidi ya rekodi ya Marino. Maneno ya kitabu hayakubadilika; kilichobadilika ni filimbi.

Turudi sasa katika kandanda yetu. Kombe la Dunia la mwaka 1990 kule Italia lilizaa magoli 115 katika mechi 52, uchache uliowatia haya wenye mchezo, na waliolitazama wanakumbuka dakika zile za mwisho ambapo timu iliyoongoza kwa goli moja ilifanya kazi ya kuuzungusha mpira baina ya beki na kipa: beki anarudisha, kipa anadaka, anauviringisha kwa beki, beki anangoja mshambuliaji amkaribie, kisha anarudisha tena. Mshambuliaji aliyekimbia kuwafukuza alijichosha bure, kwa sababu mwisho wa kila mbio zake palikuwa na mikono miwili isiyoweza kunyang'anywa kitu. Ndipo mwaka 1992 ikaamriwa kwamba kipa asiushike kwa mikono mpira aliopewa makusudi kwa mguu na mwenzake, na akiushika, wapinzani wapewe mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja pale pale alipoushikia. Mwaka 1997 katazo hilo likaongezwa hata kwa mpira wa kurusha.

Madhumuni yalikuwa kuzuia upotezaji wa muda, wala hapana aliyesema kwamba amri ile ingefundisha watu kupiga pasi. Na kwa kweli natija ya kwanza ilikuwa kinyume. Makipa ambao maisha yao yote walikuwa wamefunzwa kudaka, kupangua na kuruka, walijikuta na mpira miguuni na mtu anawajia mbio, nao wakaubutua mbali, wengine wakaubutua nje. Lakini athari ya ndani ilikuwa imekwisha kuanza kazi yake. Kwa kuwa sasa mwisho wa mbio za mshambuliaji palikuwa na mguu unaoweza kukosea, kukaba kutoka mbele kukawa na faida. Kwa kuwa kukaba kulikuwa na faida, washambuliaji na viungo wakapanda juu. Kwa kuwa walipanda, nyuma yao pakabaki pengo. Na timu ya kwanza iliyopata kipa na mabeki wenye utulivu wa kuupitisha mpira katikati ya wale waliopanda ilijikuta ina watu sita dhidi ya watano na uwanja mtupu mbele yao. Hapo ndipo ilipozaliwa kandanda ya kujenga mchezo kutoka nyuma, ambayo leo twaiona kana kwamba ni jambo la maumbile.

Amri ya mwaka 2019 ilikamilisha kazi hiyo, nayo yastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu wengi hawakuitia maanani ilipotoka. Hapo zamani mpira wa goli ulipopigwa, haukuhesabiwa umeanza kuchezwa mpaka utoke nje ya eneo la kumi na nane, kwa hiyo beki aliyeungoja alisimama nje ya mstari ule, na mshambuliaji aliruhusiwa kusimama begani pake. Tangu Juni 2019 mpira huwa hai mara tu unapopigwa na kusogea. Beki aweza kuupokea akiwa ndani ya eneo lake, hatua chache kutoka kwa kipa, hali mpinzani sharti abaki nje ya kumi na nane mpaka mpira upigwe. Upimeni umbali wenyewe. Mstari wa eneo dogo uko mita 5.5 kutoka mstari wa goli, na ule wa kumi na nane uko mita 16.5, kwa hiyo beki akisimama sambamba na mstari wa eneo dogo, yule anayetaka kumnyang'anya ana mita 11 za kukimbia, naye anaanza kutoka kusimama. Hizo ni kama sekunde mbili. Kwa sekunde mbili, beki anayejua kazi yake huupokea mpira kwa mguu wa mbali, hufungua mwili, huinua macho, na hutoa pasi kabla pumzi ya mkabaji haijamfikia.

Hapa Tanzania mashabiki waliona maana ya mambo haya kwa macho yao katika Yanga ya kipa Djigui Diarra kutoka Mali, aliyejiunga nayo mwaka 2021, na ambayo mwaka 2023 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Diarra husimama na mpira miguuni kama kiungo, huwangoja washambuliaji wamkaribie, kisha huupeleka mpira juu ya vichwa vyao au katikati yao kwa mtu ambaye kwa kukimbia kwao wamemwacha peke yake. Wako watazamaji wanaoshika vichwa kila anapongoja. Lakini kungoja kule ndiko kunakozaa nafasi, na kipa asiyengoja hajaitumia sheria aliyopewa.

Amma hapa kwetu Morogoro, ambako katika viwanja vya kata watoto huiga kila wanachokiona kwenye televisheni, iko kadhia ambayo kitabu cha sheria hakiizungumzi. Masika yanapoanza mwezi wa Machi, na maji ya milima ya Uluguru yanaposhuka, uwanja wa udongo hugeuka tope. Na yanapokwisha, tope lile hukauka likiwa na alama za viatu vya kila aliyepita. Mpira wa pasi fupi ukija juu ya ardhi hiyo haufiki ulivyotumwa, bali hurukaruka, beki huutuliza kwa mguso wa kwanza, huurekebisha kwa wa pili, na mguso ule wa pili ndio uliozila zile sekunde mbili. Kocha humgombeza mtoto kwamba ni mwoga na amebutua, lakini mtoto amefanya hesabu sahihi: sheria imempa muda, na uwanja umemnyang'anya. Milima hii imekwisha kuona kanuni isiyouliza udongo, pale serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, udongo mwembamba wenye rutuba ukafukiwa na ule mfu ukaletwa juu, mpaka watu wakakataa mwaka 1955 na mpango ukaachwa.

Kwa hiyo nawaomba wenye dhamana ya michezo katika mitaa yetu, kabla hawajanunua jezi mpya, wafikirie mifereji ya kutoa maji pembeni mwa uwanja, jembe la kusawazishia ardhi ingali na unyevu, na upandaji wa nyasi mwanzoni mwa mvua. Nawaomba makocha pia wasimtenge kipa peke yake na mazoezi ya kudaka, bali wamtie katika duara la pasi pamoja na wenzake, apige kwa mguu wa kulia na wa kushoto, kwa kuwa tangu 1992 yeye ni mchezaji wa kumi na moja kwa maana kamili.

Ukamilifu huo umezidi kuwa wa lazima kwa sheria ya mwaka 2025. Tangu mwaka 2000 kipa alikatazwa kuushika mpira zaidi ya sekunde sita, lakini waamuzi waliipuliza kwa nadra mno, kwa kuwa adhabu yake, mpira usio wa moja kwa moja ndani ya kumi na nane, ilikuwa nzito na yenye fujo kuliko kosa lenyewe. Sasa sekunde zimekuwa nane, adhabu imekuwa kona, na mwamuzi huinua mkono akazihesabu zile tano za mwisho mbele ya watu wote. Adhabu imepunguzwa ili ipate kutolewa. Kipa aliyezoea kulala juu ya mpira timu yake inapoongoza itambidi aamke na amtafute wa kumpa, na mpinzani anayeuona mkono wa mwamuzi ukihesabu atajua ni wakati gani hasa wa kuwabana mabeki walio karibu naye, ili kipa asibakiwe na pasi nyingine ila ile ndefu.