Tazama Bawaba Kabla ya Bahari

Anayetoka Kolwezi kwenda Zanzibar kwa barabara hufuata njia ileile inayofuatwa na malori ya shaba yetu: Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia yote, Tunduma, kisha Dar es Salaam, na hapo boti. Akifika Mji Mkongwe, au Paje na Jambiani upande wa mashariki, anafunguliwa chumba na kupelekwa moja kwa moja dirishani. Lakini bahari ile hakuna aliyeijenga, na jirani anayo hiyohiyo. Kazi ya mikono ya mwenye nyumba ni namna alivyoizuia isiile nyumba yake, na ufundi huo ndio wa kupimwa kabla pesa hazijatoka mfukoni. Mtu wa Lualaba, awe wa Kolwezi au wa Musumba kwenye kiti cha Mwaant Yaav, mfalme wa Walunda, amekulia katika nchi iliyokuwa ndani ya jimbo lililoitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Madini anayajua. Jicho hilo asiliache nyumbani.

Aanze na bawaba za mlango, komeo la dirisha na ndoano inayoshika chandarua. Upepo wa pwani hubeba chumvi mchana na usiku, na chuma hakina kinga nayo: kinavimba, kinamenyeka, kisha kinatoa ule mstari mwekundu unaoteremka ukutani chini ya parafujo. Shaba nayo huliwa, ila hujivika utandu wa kijani unaopunguza kasi ya kuliwa, na misumari mikubwa ya milango ya kuchonga ya Zanzibar hutengenezwa kwa shaba ya manjano. Hata hivyo kutu peke yake haitoshi kumhukumu mtu, kwa maana hakuna nyumba ya ufukweni isiyo nayo. Cha kutafuta ni alama ya mkono unaopigana nayo. Komeo la chuma lililopakwa mafuta, linaloteleza bila kulia, linamsifu mwenye nyumba kuliko bawaba mpya inayong'aa iliyopigiliwa juu ya mbao iliyooza.

Kisha ashuke macho hadi sehemu ya chini ya ukuta, nyuma ya kitanda, mahali ambapo mpiga picha hafiki. Kuta za kale za pwani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo hazina urefu mkubwa, kwa hiyo vyumba hivyo ni vyembamba. Asiyejua hudhani amepunjwa. Chokaa hupumua: unyevu unaoingia ukutani hupata njia ya kutoka. Mtu akiupaka ukuta huo saruji na juu yake rangi ya mafuta, unyevu hufungiwa ndani pamoja na chumvi, na chumvi huvuta maji hewani kama gunia la chumvi linavyotoa jasho masika. Rangi hufura malengelenge. Ukibonyeza moja kwa kidole, unga mweupe unamwagika sakafuni. Chumba hicho, hata kikipuliziwa manukato kiasi gani, ukinusa chini ya mto utasikia harufu ya ukungu.

Wapo watakaosema msafiri ni mpangaji wa siku tatu, ukuta unamhusu nini? Unamhusu kwa sababu ndio unaolala naye: godoro hunywa unyevu uleule. Wengine watasema kipimo hiki kinawapendelea matajiri wenye majumba ya kale. Hoja hii ina uzito zaidi, lakini ukongwe si sifa. Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa 1883 na Sultani Barghash, limo ndani ya Mji Mkongwe uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000, na bado sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea. Kibanda cha vyumba vitatu kilichoezekwa makuti, kikipakwa chokaa kila mwaka na makuti yake kubadilishwa kabla hayajavuja, kinaweza kulishinda jumba la kifahari kwa kipimo hikihiki.

Maji ya bombani nayo yana ushahidi wake. Kisima cha karibu na ufuko kikivutwa kupita kiasi huingiliwa na bahari. Sabuni ikigoma kutoa povu kwenye sinki, jibu umelipata, na chai ya asubuhi itakuonjesha. Kifungua kinywa chenyewe sikipimi kwa wingi wa sahani. Mahamri ya moto na mbaazi za nazi vinatosha, mradi vimepikwa alfajiri ile.

Mwisho aulizwe mwenyeji swali moja: kesho maji yatajaa saa ngapi? Upande wa Paje, maji yakipwa, bahari hukimbia mbali hadi mashua zinalala ubavu juu ya mchanga, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, hukimbia mbali zaidi. Mgeni aliyeahidiwa kuogelea mlangoni ataamka akute tope na kinamama wakihudumia mwani. Mwenyeji wa kweli humwambia jioni kabla hajauliza, akamtajia saa, akamshauri avae viatu kwa ajili ya miiba ya urumba.